Mwalimu Nyerere na Ratiba ya Shule

Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wetu wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, hukaa pamoja na wakufunzi wao wakaeleza yaliyowafurahisha na yaliyowatatiza. Safari hii swali lililozua majadiliano marefu kuliko yote lilitoka kwa mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha katika vijiji vya Mamba, huko Mpimbwe, mkoani Katavi. Alisema kwamba siku moja, katika kipindi cha michezo, alimkuta mtoto wa darasa la tano ameketi nyuma ya darasa akisoma kitabu, hali wenzake wote wako uwanjani. Mtoto hakuwa mgonjwa wala hakuwa mtoro. Hakupenda mpira, basi. Mwanachuo wetu alisimama pale asijue la kufanya. Ratiba ilisema ni saa ya michezo, na kitabu nacho ni kitabu. Je, amwadhibu, amtume uwanjani, au amwache aendelee kusoma?

Swali hilo lingeweza kujibiwa kwa maneno machache kutoka katika kitabu cha saikolojia. Sisi tumeona ni afadhali tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye sote tunamwita Mwalimu, yaani Julius Kambarage Nyerere, maana naye alikuwa mtoto wa namna hiyo. Hatutasimulia habari zote za uongozi wake, kwa kuwa hizo wanachuo mmezisoma tangu shule ya msingi. Tutashika uzi mmoja tu: shule zilimfanyia nini, naye baadaye alizifanyia nini shule. Tutaangalia hasa mambo matatu ambayo kila mwalimu mkuu huyapanga katika ratiba yake, nayo ni masomo, kazi na michezo.

Bao na safari ya kwenda shule

Kambarage alizaliwa Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili, 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Kuwa mtoto wa mtemi hakukumpa maisha ya anasa. Alilelewa katika nyumba ya mama yake, akalima pamoja naye, akachunga mbuzi kama watoto wengine wa rika lake.

Mchezo aliokuwa hodari nao ni bao. Husimuliwa kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, aliyekuwa rafiki wa baba yake, alicheza bao na kijana huyo akastaajabia akili zake, kisha akamshauri mzee Burito ampeleke mtoto shule. Wanachuo wanaojua bao wataelewa kwa nini. Mchezaji wa bao hupaswa kuhesabu kete bila kuzigusa, kukumbuka mashimo ya mwenzake, na kuona mwisho wa mtaji kabla hajauanza. Hayo ni mambo yale yale tunayoyatafuta katika somo la hesabu. Tusisahau jambo hili tunapoendelea: mtu mzima aliyetambua akili ya mtoto katika mchezo ndiye aliyesaidia kumfungulia mlango wa shule.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliingia shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma. Kwa umri huo leo tungesema amechelewa. Lakini masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka mitatu, na katika mtihani wa mwisho alipata alama za juu kabisa katika Jimbo la Ziwa. Mwaka 1937 akachaguliwa kwenda shule ya serikali ya Tabora.

Tabora, shule ya kengele na viranja

Wanachuo wanaotoka Mpanda na Mamba wana sababu ya pekee ya kuijua Tabora. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na katika enzi za Waingereza ilikuwa chini ya Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Hata reli ya Mpanda, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, inaelekea huko huko kupitia Kaliua. Kwa muda mrefu, mtu wa upande ule aliposema anakwenda mjini kwa jambo kubwa la serikali, uso wake ulielekea Tabora.

Shule ya Tabora ilianzishwa na Waingereza mwaka 1922. Hapo mwanzo ilikusudiwa hasa watoto wa watemi, ili watawala wapate machifu na makarani wenye elimu. Ilikuwa shule ya umma, ikilipiwa na serikali, lakini sura yake iliazimwa kutoka katika shule za bweni za wakubwa wa Uingereza. Wanafunzi waligawanywa katika mabweni yaliyoshindana kwa usafi, kwa masomo na kwa michezo. Viranja walisimama mahali pa walimu. Kengele iligawa siku vipande vipande: saa ya usafi, saa ya gwaride, saa ya masomo, saa ya kazi, saa ya michezo, saa ya kujisomea. Masomo ya juu yalifundishwa kwa Kiingereza.

Mpango huo ulikuwa na falsafa ndani yake, na ni vizuri mwalimu aielewe kabla hajaisifu au kuilaumu. Waingereza wa wakati ule waliamini kwamba kiongozi hutengenezwa uwanjani kama vile anavyotengenezwa darasani. Katika mpira kijana hujifunza kutii filimbi, kuvumilia maumivu, kushindwa bila kulia na kushinda bila majivuno. Katika kazi ya ukiranja hujifunza kuamrisha. Kwa hiyo michezo haikuwa burudani ya kupumzisha akili. Ilikuwa somo kamili, ingawa halikuwa na mtihani wa kuandika.

Yako mema yaliyotokana na mpango huo. Vijana wa makabila mbalimbali, Waislamu na Wakristo na wasio na dini hizo, walilala katika mabweni yale yale na kula katika ukumbi ule ule. Waliozaliwa mbali mbali walijuana kwa majina. Kati ya waliopita Tabora baadaye, baada ya Nyerere, alikuwamo Rashidi Kawawa, ambaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Hata hivyo mpango huo huo ulikuwa na kasoro: ulijengwa kwa kijana wa namna moja, yule mwenye miguu ya haraka na sauti ya amri.

Kijana asiyependa uwanja

Nyerere hakuwa kijana wa namna hiyo. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba huko Mwisenge na huko Tabora vilevile alikuwa akikwepa michezo. Mwili wake ulikuwa mwembamba na hamu yake ilikuwa kwingine. Wenzake walimkumbuka kama mwanafunzi mwenye ari kubwa ya kushindana, lakini mashindano yake yalikuwa ya darasani. Alitaka awe wa kwanza katika kila mtihani. Saa ambazo wengine walizitumia kwa mpira yeye alipenda kuzitumia katika maktaba ya shule. Huko ndiko alikojinoa katika Kiingereza kupita kiasi alichoweza kukipata katika vipindi peke yake. Matunda ya saa hizo tuliyaona miaka mingi baadaye, alipoifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, iliyochapishwa mwaka 1963, na kisha ile ya mfanyabiashara wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi.

Mwanachuo asidhani kwamba kijana huyo alikaa peke yake kama kobe ndani ya gamba. Alishiriki kwa nguvu katika chama cha midahalo cha shule. Alipokisoma kitabu cha Baden-Powell kuhusu skauti, alisaidia kuanzisha kikosi cha skauti pale Tabora. Tafakarini jambo hili. Kijana aliyeukimbia uwanja wa mpira hakukataa kutembea porini, kufunga mafundo wala kufanya kazi pamoja na wenzake. Alichokataa ni njia moja tu ya kuutumia mwili. Alipoipata njia nyingine iliyoanzia katika kitabu, aliifuata mwenyewe bila kusukumwa.

Jambo la pili linahusu ukiranja. Inasimuliwa kwamba walimu wake walimpendekeza awe kiranja mkuu, na mkuu wa shule akakataa kwa kumwona ni mpole mno kwa kazi hiyo. Hatusemi haya ili tumcheke mkuu huyo wa zamani. Yeye alipima kwa kipimo cha shule yake, na kwa kipimo hicho upole ulikuwa upungufu. Lakini kijana aliyeonekana hafai kuongoza mabweni ya shule moja aliongoza nchi nzima kwa zaidi ya miaka 20. Sisi walimu tunapochagua viranja, hatuna budi kujiuliza kama tunamtafuta kiongozi au tunamtafuta mtu wa kutusaidia kushika fimbo.

Siku ratiba ilipogoma

Mwezi Machi, 1942, Nyerere akiwa katika mwaka wake wa mwisho Tabora, mtemi Burito alifariki dunia. Kijana aliomba ruhusa ya kwenda Butiama kumzika baba yake. Shule haikumruhusu. Tabora na Butiama ziko mbali, masomo yalikuwa yakiendelea, na taratibu za shule zilikuwa taratibu. Baba akazikwa, na mwanawe yuko bwenini. Kaka yake, Edward Wanzagi, ndiye aliyerithi utemi.

Sisi tunaofundisha katika nchi ambayo msiba ni wa kijiji kizima hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Mtoto asiyemtupia baba yake udongo hubaki na deni ambalo hakuna mtihani unaoweza kulilipa. Hatuna nafasi ya kuingia moyoni mwa Nyerere, wala hatutaki kubuni maneno ambayo hakuyasema. Tunalotaka mwanachuo alione ni hili: ratiba ile ile iliyompa maktaba, midahalo na walimu wazuri, siku moja ilikuwa ukuta usio na mlango. Walioitunga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamesahau kwamba ratiba hutungwa kwa ajili ya mtoto.

Baada ya kifo cha baba yake Nyerere alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akachukua jina la Julius. Mwezi Januari, 1943, aliingia Makerere nchini Uganda kusomea ualimu.

Mwanafunzi anakuwa mwalimu

Huko Makerere aliendelea na midahalo, na pia alishinda tuzo ya uandishi kwa insha iliyohusu kukandamizwa kwa wanawake. Katika insha hiyo alichukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, akayapima kwa hali ya wanawake wa Kizanaki. Mwalimu wa mbinu ataona hapo mfano bora wa kutumia ujuzi wa kitabu. Kijana hakuyakariri mawazo ya mgeni. Aliyachukua hadi nyumbani kwa mama yake akayajaribu huko.

Alipohitimu mwaka 1945 aliweza kufundisha katika shule ya serikali ya Tabora, shule yake mwenyewe, au katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, mjini humo humo. Alichagua misheni. Hapo alifundisha hadi mwaka 1949. Wakati wa mapumziko alifundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila kudai malipo. Midahalo nayo hakuiacha. Husimuliwa kwamba alialikwa kwenye mdahalo pamoja na walimu wa shule ya serikali, mada ikiwa kama Waafrika ndio walionufaika zaidi kuliko Wazungu tangu Afrika ilipogawanywa na wakoloni. Nyerere aliipinga hoja hiyo, upande wake ukashinda, na baada ya hapo hakutakiwa tena kurudi kushiriki.

Mkuu wa shule ya Mtakatifu Maria, Padri Richard Walsh, alimsaidia kupata nafasi ya kwenda Edinburgh huko Uskochi mwaka 1949, na mwaka 1952 akarudi na shahada yake. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel Magige, naye alikuwa mwalimu. Akaenda kufundisha historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje ya Dar es Salaam. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai, 1954, chama cha TANU kikazaliwa.

Kwa muda alijaribu kuzishika ratiba mbili kwa pamoja, ya shule na ya chama. Mwezi Machi, 1955, alikwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, ilimbidi achague. Aliacha kazi ya ualimu mwezi huo huo, hali ana mke na mtoto na hana mshahara mwingine wa uhakika. Tangu siku ile hakuajiriwa tena kufundisha darasani, lakini jina la Mwalimu lilibaki naye mpaka kifo chake.

Kuipanga ratiba upya

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, ilirithi shule zilizotengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na fedha zake na mitaala yake. Serikali iliondoa utengano huo mapema. Ada katika shule za sekondari za umma ilifutwa mwaka 1964. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za serikali. Lakini sura ya ndani ya shule, ile ya kengele na viranja na mtihani, ilibaki karibu kama Tabora ya mwaka 1937.

Mwezi Machi, 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Aliyepata kusoma maisha yake akalisoma andiko hilo ataona kwamba mwandishi alikuwa anaijua shule ya bweni kutoka ndani. Alieleza kasoro kubwa za elimu tuliyoirithi: kwamba iliwaandaa wachache na kuwasahau wengi; kwamba iliwatenga wanafunzi na maisha ya wazazi wao; kwamba iliwafanya waamini kuwa elimu yote imo vitabuni na kwa watu waliosoma; na kwamba iliwaondoa vijana wenye nguvu katika kazi wakabaki kula tu. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe na isiwe ngazi ya kupandia sekondari tu. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi washiriki kuamua mambo yake, wafanye usafi wenyewe, na mtihani usiwe ndio kipimo pekee cha mtu.

Angalieni kwamba hakuja kufuta masomo. Yeye aliyekua katika maktaba asingeweza kuidharau maktaba. Alitaka jembe na kitabu vikutane katika mtoto mmoja. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo Novemba, 1977. Ada ya shule za msingi ilikwisha kufutwa mwaka 1973. Kati ya mwaka 1974 na 1980 idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliongezeka zaidi ya mara mbili, na maelfu kwa maelfu ya walimu walifunzwa wakiwa vijijini, wakifundisha huku wakijifunza. Vijiji vingi vya mikoa ya mbali vilipata shule kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo.

Ni wajibu wetu kusema na upande wa pili. Katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kuwa kulima tu. Mwalimu aliwapeleka watoto shambani, akakaa chini ya mwembe, wakalima mpaka kengele. Hapakuwa na hesabu katika shamba lile, wala sayansi, wala uamuzi wa wanafunzi juu ya mavuno. Mahali pengine jembe lilikuwa adhabu ya mkosaji, na mtoto akajifunza kwamba kazi ya baba yake na mama yake ni adhabu. Madarasa yalijaa, vitabu havikutosha, na walimu walioandaliwa haraka haraka hawakupata msaada waliouhitaji. Na mtihani wa darasa la saba uliendelea kuamua nani apite na nani abaki. Wazo zuri lilipoingia katika ratiba bila kuingia katika andalio la somo, lilibaki kuwa saa ya kutoa jasho.

Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama, akalima, na bao hakuliacha. Alifariki mjini London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa nyumbani kwao Butiama.

Mafunzo kwa mwalimu wa shule ya msingi

Kutokana na maisha hayo tunapenda kutoa mafunzo manne yanayoweza kutumika hata katika shule yenye madarasa matatu na mpira mmoja wa makaratasi.

Kwanza, kipindi cha michezo kiwe na milango mingi. Kila mtoto anahitaji kuuchangamsha mwili wake kwa ajili ya afya, na mwalimu asimruhusu yeyote akae tu kila juma. Lakini mpira wa miguu si mchezo pekee. Kuna kukimbia, kuruka kamba, rede, ngoma, skauti, na siku ya mvua kuna bao, ambalo mashimo yake huchimbwa ardhini na kete zake huokotwa bure. Mtoto asiye mchezaji anaweza kuwa mwamuzi wa mstari, mpima muda au mwandishi wa matokeo. Vilevile kipindi hicho kisiibiwe mtihani unapokaribia. Mtoto anayekalishwa kwenye dawati kutoka asubuhi mpaka jioni hasomi zaidi, huchoka zaidi.

Pili, kazi iwe somo. Tuseme shule iliyoko Mamba ina kipande cha shamba chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Watoto wakipime wenyewe kwa kamba yenye alama. Watapata eneo la mita za mraba 300. Wakipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya shina na shina, kila shina litachukua mita ya mraba 0.225. Darasa la sita linaweza kugawanya 300 kwa 0.225, likapata mashina 1,333 hivi, kisha likahesabu mbegu zinazohitajika na kukisia magunia. Baada ya mavuno wakae kikao, waamue wenyewe kama fedha zinunue mpira, vitabu au chakula cha mchana. Hapo jembe limekuwa hesabu, sayansi na uraia. Hilo ndilo lililokusudiwa mwaka 1967.

Tatu, mtafute mtoto mpole. Katika kuchagua viranja, mwalimu asitazame sauti kubwa peke yake. Awape nafasi watoto kwa zamu, amtazame anayesikilizwa na wenzake bila kuwatisha. Midahalo mifupi ya Kiswahili, dakika 20 kwa juma, itamfunulia mwalimu vipaji ambavyo uwanja hauwezi kuvifunua.

Nne, ratiba iwe na mlango. Mtoto aliyefiwa aende akazike. Mtoto wa mfugaji aliyechelewa kwa sababu ya kunywesha ng'ombe aulizwe kabla ya kuadhibiwa. Mwalimu atakayesema kwamba akifungua mlango mmoja wote watatoka, aikumbuke Machi ya mwaka 1942. Shule inayomruhusu mtoto aende kulia na wenzake itampata akirudi. Ile inayomzuia itakuwa na mwili wake darasani, na moyo wake hauko.

Hitimisho

Sasa turudi kwa mtoto wa Mamba aliyeketi nyuma ya darasa. Mwanachuo wetu hatimaye alituambia alichofanya. Hakumwadhibu, wala hakumwacha. Aliketi karibu naye, akamwomba amsomee ukurasa mmoja, akausikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaenda pamoja uwanjani, na mtoto akapewa daftari na kalamu ya risasi aandike magoli na majina ya wafungaji. Juma lililofuata mtoto alikuja mwenyewe kuliomba daftari lile kabla ya filimbi kupigwa.

Majadiliano yetu chuoni yalikuwa marefu, na wapo waliosema kwamba mwanachuo alimdekeza mtoto. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto alifika uwanjani, ratiba ilitimizwa, na kitabu hakikufanywa kosa.

Maswali ya majadiliano

1. Chora ratiba ya juma moja ya shule ya msingi unayoijua. Onyesha kwa kila kipindi ni mtoto wa namna gani anayefaidika zaidi, na ni yupi anayesahauliwa.

2. Andaa somo la hesabu la darasa la sita litakalofanyika shambani. Eleza wanafunzi watapima nini, watahesabu nini, na wataamua nini.

3. Je, mwalimu mkuu anayekataa kumpa ukiranja mtoto mpole anakosea daima? Toa hoja za pande zote mbili, kisha ueleze msimamo wako.

4. Taja michezo mitatu ya asili ya mahali unapotoka, na ueleze kila mmoja unakuza uwezo gani wa mtoto.